Jina Langu Halikuwa kwa Daftari

Andiko: 1 Samweli 2:22–25 na 3:11–14, 2 Wakorintho 8:18–21



Muhula uliopita, Jumanne moja kama saa sita u nusu mchana, nilipigiwa simu na jirani wa mshirika wetu mmoja, mama anayeuza mboga kando ya barabara. Mama alikuwa amezirai kibandani wakamkimbiza hospitali. Mtoto wake wa Gredi ya 2 alikuwa bado shuleni, na saa ya wadogo kutoka ilikuwa imekaribia. "Pasta, tafadhali mchukue mtoto, mimi niko huku na mama yake." Niliacha nilichokuwa nikifanya, nikapanda boda, nikaenda.

Shule yenyewe wengi wenu mnaijua. Ni shule ya msingi ya serikali, ukuta umemalizika upande mmoja na upande ule mwingine ni ua wa kayaba. Geti ni moja. Askari akaniomba kitambulisho, akaniandika kwa kitabu cha wageni, akanionyesha benchi. Nikamwambia sina haja ya kukaa, nachukua mtoto naenda. Akasema, "Kaa tu, Pasta."

Mwalimu wa darasa akaja na daftari la jalada gumu. Kila mtoto ana ukurasa wake humo: watu wanaoruhusiwa kumchukua, nambari zao za simu na za vitambulisho, na sahihi ya mzazi chini. Kwa mtoto huyu palikuwa na majina mawili, mama yake na nyanya yake. Basi.

Nikamwambia kwa upole, ule upole wa mtu anayejua kwamba atashinda, "Mwalimu, mimi ndiye mchungaji wao. Mtoto huyu nilimweka wakfu kwa Bwana akiwa na miezi mitatu." Akajibu, "Nakujua vizuri sana, Pasta. Hata kesha la Desemba nilikuwa kwenu. Lakini haumo kwa daftari."

Akapiga simu ya mama, imezimwa. Akapiga ya nyanya, na nyanya akasema anakuja, ila anatoka mbali. Nikabaki kwenye benchi dakika hamsini. Jamaa wa boda akaniuliza, "Pasta, wamekukataa?" Sikujibu. Nilimlipa aende zake.

Sitawaficha niliyokuwa nawaza. Mbele yangu kabisa kulikuwa na tangi la maji ambalo kanisa letu liliinunulia shule hiyo, na jina la kanisa limeandikwa kwa rangi ya buluu. Nikawaza, maji yetu mnakunywa, lakini mtoto hamwezi kunipa. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia mwalimu mkuu. Kupitia dirishani nilimwona yule mtoto akila githeri na wenzake wawili waliokuwa wakisubiri kuchukuliwa, hana habari kwamba mchungaji wake anachemka huko nje.

Nyanya akafika, akatia sahihi, mtoto akamkimbilia. Yule mwalimu, ambaye ni binti mdogo tu, akanigeukia akasema jambo ambalo nimelala nalo na kuamka nalo tangu siku hiyo. Alisema, "Pasta, nikikupa leo kwa sababu wewe ni mtu mzuri, kesho nitampa mwingine kwa sababu amesema yeye ni mtu mzuri."

Sasa, swali ninalotaka tulifikirie pamoja wiki hii ni hili. Je, kumshuku ndugu si dhambi? Paulo anapoeleza upendo katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 13, anatuonyesha upendo ulio tayari kuamini na usioweka hesabu ya mabaya. Kanisa letu zima limejengwa juu ya kuaminiana. Tunaachiana watoto, tunaachiana funguo, tunakopeshana bila karatasi. Ijumaa ya wiki ile nilipoleta kisa changu kwenye maombi ya ushirika wa nyumbani, mama mmoja mzee alisikitika kweli. Akasema zamani mtoto alikuwa wa kijiji kizima. Ukimpata wa jirani barabarani unamlisha, unamkanya, unampeleka kwao, hakuna wa kukuuliza kitambulisho. Mkono mmoja haulei mwana. Shule hizi, akasema, zinatufundisha kuogopana.

Sikuweza kumpuuza, kwa sababu ana haki ya kusikitika. Kuna kitu tumepoteza. Lakini nilipoendelea kufikiria, niliona kwamba kijiji anachokikumbuka hakikuwa kikiamini tu. Kijiji kilikuwa na macho. Mgeni akipita na mtoto, wamama watatu shambani wamemwona, na kila mmoja anajua mtoto ni wa nani, na huyo mtu ni nani kwa mtoto huyo. Siku hizi tunaishi kwenye ploti. Mlango wa pili kutoka kwako mtu amehamia miezi sita iliyopita na hujui anaitwaje. Yale macho hayapo. Kile ambacho wamama wa kijiji walikijua kwa kichwa, mwalimu amelazimika kukiandika kwa daftari la jalada gumu. Na tuseme kweli yote: kijiji kilijua pia kunyamaza. Kulikuwa na mambo ambayo kila mtu aliyajua na hakuna aliyeyasema, na aliyeumia akaolewa mbali au akatumwa kwa shangazi. Macho bila mdomo hayamlindi mtoto.

Kabla sijaitwa kwa huduma nilisomea biashara, na wengi wenu hunitania kwamba nahubiri kama mhasibu. Nivumilieni kidogo. Kitu kimoja nilichofunzwa kuhusu udhibiti wa fedha ni kwamba hauwekwi kwa ajili ya mwizi. Ukishajua fulani ni mwizi, unamfuta kazi, habari imekwisha. Udhibiti unawekwa kwa ajili ya watu wote ambao hujui, na unamsaidia zaidi yule mwaminifu. Keshia ambaye kila jioni hesabu yake inakaguliwa na mtu mwingine hawezi kusingiziwa. Yule anayefunga hesabu peke yake, siku pesa zikipotea, hata kama hakugusa, hana wa kumtetea.

Paulo alilijua jambo hili kabla ya wahasibu wote. Katika 2 Wakorintho 8 anakusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu. Huyu ni mtume, ameona maono, amepigwa mawe kwa ajili ya Injili. Kama kuna mtu ambaye angesema niaminini tu, ni yeye. Badala yake anataka fedha zisafiri na ndugu wengine ambao makanisa yamewachagua, na anaeleza sababu: hataki mtu apate la kumlaumu, na mambo yawe sawa machoni pa Mungu na machoni pa wanadamu vilevile. Paulo hakuona hayo kuwa ni matusi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyapanga.

Na sisi tunafanya hivyohivyo, si ndiyo? Jumapili baada ya ibada sadaka inahesabiwa na watu watatu, mlango wazi, wanaandika kwenye fomu, wote wanatia sahihi. Hundi ya kanisa inahitaji sahihi mbili. Sijawahi kumsikia mzee wa kanisa akilalamika kwamba tunamshuku. Sasa hebu niambieni, Jumapili hiyohiyo, kule nyuma kwenye Shule ya Jumapili, tulikuwa na nini? Mwalimu mmoja, chumba kimoja, watoto arobaini na zaidi, mlango umefungwa ili kelele zisiingie ibadani. Na wakati wa kutoka, mtoto anachukuliwa na yeyote anayesimama mlangoni na kuita jina. Nikiwa kwenye lile benchi, katikati ya hasira yangu, hilo ndilo lililonijia, na sikulipenda. Noti ya shilingi mia ikiingia kanisani kwetu ina walinzi watatu. Mtoto alikuwa na nusu mlinzi.

Kuna jambo la pili nimeliahirisha kwa miezi mingi. Mama anayehusika ameniruhusu niliandike, na tumebadilisha mambo kadhaa ili familia isijulikane. Liko mahakamani, kwa hiyo nitasema ya upande wangu tu.

Kabla ya kisa cha geti, mama huyo alinijia Jumatano baada ya maombi ya mchana. Alikuwa na wasiwasi juu ya mtoto wake. Mtoto alikuwa amebadilika, hataki kubaki nyumbani na jamaa mmoja aliyekuwa akiishi nao. Mama hakuwa na ushahidi. Alikuwa na tumbo linalomwambia kitu. Jamaa mwenyewe nilimjua, aliimba vizuri, alikuja kwa maombi mapema kuliko mimi. Nikamwambia mama, "Tuombe kwanza. Tusije tukaharibu jina la mtu bure." Nikapanga kikao cha familia, Jumamosi ya wiki iliyofuata, tulizungumze kikristo, na kama kuna kosa, toba ifanyike na tusameheane.

Toka Jumatano ile hadi Jumamosi niliyopanga ni siku kumi.

Hatukufika Jumamosi. Jumatatu mwalimu wa darasa, na si yule wa geti, ni mwingine, aliona mtoto amekaa peke yake wakati wa mapumziko siku nyingi mfululizo, na kengele ya kwenda nyumbani ikilia anatafuta kazi ya kufanya darasani. Akakaa naye. Hakumhoji kama polisi. Alimuuliza swali moja au mawili yaliyo wazi, akasikiliza, hakumwahidi kwamba itakuwa siri. Kisha akaandika maneno ya mtoto kama mtoto alivyoyasema, akaenda kwa mwalimu mkuu papo hapo. Kabla ya jioni afisa wa watoto na polisi walikuwa na habari, na mtoto alikuwa hospitalini na mama yake.

Baadaye nilimuuliza mwalimu mkuu kama hakuogopa kukosea. Akaniambia, bila ukali wowote, kwamba hilo si jambo wanaloachiwa wapime wao. Tangu waraka wa Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, wa 2010, mwalimu akipata habari au hata akishuku kwamba mwanafunzi ametendewa kosa la kingono, ana saa 24 za kuripoti, na akificha anaadhibiwa yeye. Nikahesabu. Yeye ana saa 24. Mimi nilijipa siku kumi.

Nikajifunza na jambo lingine ambalo kila mzazi anayesoma gazeti hili dogo anapaswa kulijua. Mtoto akitendewa ubaya wa namna hiyo, dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72. Nguo alizovaa hazifuliwi, zinakwenda naye. Hospitali ya serikali ndiyo pa kuanzia, na polisi. Nambari ya simu ya kusaidia watoto ni 116, ni ya bure, usiku na mchana. Mtu akikwambia subiri tumalize kwa mazungumzo, hata kama mtu huyo amevaa kola, usisubiri.

Ndipo nikasoma tena habari za Eli, na safari hii sikumhurumia. Eli hakuwa mtu mbaya. Ana, mama yake Samweli, alimwamini kiasi cha kumwachia mtoto wake. Maovu ya wanawe yalimfikia masikioni kupitia watu wengi. Na alifanya kitu: aliwaita, akaongea nao, akawakanya kwa maneno mazito. Tunaita hiyo kikao. Lakini neno la hukumu katika sura ya 3 halisemi kwamba Eli hakujua au hakuongea. Shtaka ni kwamba alijua na hakuwazuia. Wanawe waliendelea kuhudumu palepale, mlangoni pa hema, na watu waliendelea kuja. Na mnakumbuka Bwana alimtuma nani apeleke ujumbe huo? Alimtuma mtoto. Tena mtoto huyo aliamka usiku mara ya kwanza na ya pili, na mara zote mbili aliambiwa arudi akalale.

Wengine wenu mtaniuliza, je, msamaha uko wapi? Si sisi ni watu wa msamaha? Nitajibu kihasibu tena. Ukinidai shilingi elfu kumi, ni wewe peke yako unayeweza kunifutia deni. Jirani yako hawezi kuja na kusema, "Nimemsamehe Pasta ile elfu kumi yako." Mimi nilikuwa nataka kusamehe deni lisilo langu. Aliyeumizwa ni mtoto, na hakuna aliyemuuliza. Msamaha ukifika, utakuwa wake, kwa wakati wake, akiwa mahali salama. Tena hata yeye akisamehe siku moja, hilo haliondoi kazi ya serikali. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au kesi kama hiyo si wa familia wala wa wazee. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inasema kwa maana iliyo wazi kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia. Haikuongeza isipokuwa mshtakiwa akiwa mwimbaji wa sifa.

Lakini jina la mtu je? Watu husingiziwa, na nimeona ndugu akivunjwa na uvumi mtupu. Hili nalo ni la kweli, na siwezi kulifunika. Nikatazama tena alichofanya yule mwalimu. Hakutangaza gwaride la asubuhi. Hakumwambia hata mwalimu wa darasa la jirani. Hakusema fulani ana hatia. Aliandika, akampa anayehusika, akanyamaza. Mimi niliyedai kulinda jina la mtu ndiye niliyekuwa nimepanga kikao cha watu tisa sebuleni! Kuripoti si kuhukumu. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba ni lazima kwanza niujue ukweli wote ndipo nichukue hatua. Si kazi yangu kuujua ukweli wote. Wako waliofunzwa kuutafuta bila kumuumiza mtoto mara ya pili.

Wacha niguse na hili kwa kupita. Septemba 2024 taifa lililia watoto 21 waliofariki kwa moto wa bweni katika Hillside Endarasha kule Nyeri. Sote tuliomba, na ilikuwa vyema tuombe. Lakini nchi hii ina mwongozo wa usalama shuleni tangu 2008, na humo imeandikwa hata mlango wa bweni ufunguke kuelekea wapi, na kwamba madirisha yasiwekwe vyuma. Anayekwenda shuleni kuuliza juu ya mlango hajapungukiwa na imani.

Sasa nirudi kwa yule mama wa pili, kwa sababu kuna kitu sikumaliza. Nilipomuuliza, miezi baadaye, kwa nini alikubali ushauri wangu wa kungoja wakati moyo wake ulikuwa ukimwambia vingine, aliniangalia kama mtu anayeshangaa kwamba sijui. Akasema, "Pasta, ni yeye alikuwa analipa kodi ya nyumba."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kumlinda mtoto na kusaidia familia si idara mbili. Mama asiye na kodi hana sauti. Ukimwambia aripoti na umwache aende zake, umemwambia achague kati ya mtoto kuumizwa na mtoto kulala nje. Walimu walilijua hili kuliko mimi. Mwalimu mkuu alimwita mama, akamwambia pesa za chakula na za mitihani zisimsumbue muhula huo. Akamwandikia barua ya kwenda kwa chifu na ofisi ya watoto. Mwalimu wa ushauri nasaha akamtengea mtoto saa moja kila wiki. Wazazi wa darasa wakachanga kupitia M-Pesa, na hawakuambiwa sababu, waliambiwa tu kuna mzazi mwenzetu amepatwa na shida.

Na fedha zenyewe hawana, jamani. Serikali hutenga shilingi 1,420 kwa kila mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka. Kwa mwaka! Gawanya mwenyewe kwa mihula mitatu uone. Hapo ndipo shule inapoanza kuomba pesa ya chakula, na mzazi asipolipa mtoto anarudishwa nyumbani, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mtoto kunyimwa masomo kwa sababu ya karo. Fikirieni: saa nne asubuhi mtoto wa miaka minane yuko njiani peke yake, mama yuko sokoni, nyumba imefungwa au iko na mtu asiyefaa. Shilingi mia mbili za chakula ndizo zilizomtoa nyuma ya geti. Kule Nairobi, tangu 2023, kuna mpango wa kaunti ambapo mtoto wa shule ya umma analipa shilingi 5 kwa chakula cha mchana. Watu huuita mpango wa chakula. Mimi nauita pia ulinzi, maana mtoto anayekula shuleni anabaki shuleni.

Angalieni Kutoka sura ya 2. Musa amewekwa kwenye kisafina majini, na dada yake amesimama kwa mbali anatazama. Hilo ni jicho. Lakini hadithi haikuishia kwa jicho. Binti Farao anapomtoa mtoto, mama yake mzazi ndiye anayeitwa kumnyonyesha, na analipwa mshahara kwa kazi hiyo. Mama analipwa kumlea mtoto wake mwenyewe! Jicho na mshahara viko kwenye sura moja, mistari michache tu kutoka kimoja hadi kingine.

Wakati mama yule anahamishwa nyumba, kanisa letu lilikuwa limekusanya pesa za spika mpya. Nilikwenda kwa Mchungaji Mkuu nikamweleza yote, pamoja na siku kumi zangu. Hakunikaripia. Alinyamaza kwa muda mrefu, ambayo ilikuwa mbaya zaidi. Kisha akaita wazee, na sehemu ya zile pesa ikalipa kodi ya miezi minne. Ndiyo maana, mkiwa mmejiuliza, spika ya upande wa kushoto bado inakwaruza.

Tangu mwanzo wa muhula huu Shule ya Jumapili ina watu wazima wawili chumbani kila wakati, wasio wa nyumba moja. Mlango unabaki wazi, na kelele zikiingia ibadani, nitahubiri kwa sauti. Anayetaka kufundisha watoto anaandika majina ya watu wawili watakaomshuhudia na tunawapigia simu kweli. Viboko havipo, shuleni vilipigwa marufuku tangu 2001 na sisi hatutakuwa nyuma ya serikali katika jambo la huruma. Na kuna daftari. Limenunuliwa duka la vitabu hapo chini, jalada gumu, kurasa mia mbili.

Siku chache baada ya kuruhusiwa kutoka hospitali, yule mama wa mboga alikwenda shuleni akaandikisha jina langu la tatu, chini ya nyanya. Niliitwa kutia sahihi. Mwalimu aliniambia hata hivyo atampigia mama simu kwanza kila nitakapokuja.

Jumapili iliyopita mzee wetu mmoja wa kanisa, mnamjua na ninampenda sana, alishuka kumchukua mjukuu wake kabla ya ibada kwisha, walikuwa na safari. Dada wa zamu akafungua daftari. Jina la mzee halikuwemo. Binti yake alikuwa amesahau kuliandika. Mzee akanigeukia mimi, nilikuwa nimesimama hapo karibu, na akaniita kwa jina langu, si kwa cheo. Nikaliangalia daftari. Nikamletea kiti, nikachukua na changu, tukakaa wawili pale mlangoni hadi mama wa mtoto alipotoka ibadani.